Hadi

Nilisoma kila kitu isipokuwa neno la herufi nne.
Kasi ya hadi megabiti hamsini,
kwa muda usiopungua miezi thelathini na sita.
Nikatia sahihi kwa kalamu yao. Wakaniachia kalamu.
Bado inaandika. Katika vyote walivyoleta
ni hiyo tu isiyokwama.

Ngara, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa:
nachapisha kadi za arusi, vitabu vya risiti, programu za mazishi.
Jumatano, saa tatu na nusu,
Bi Kwamboka yuko kwenye stuli, mkoba mapajani,
anasubiri uso wa mumewe.
Binti ameutuma kutoka Doha. Picha nzuri ni moja tu, anasema,
ile ya suti ya kijivu.
Ijumaa alfajiri wanaondoka na jeneza kwenda Nyamira.

Ukateremka ukuta wa studio.
Zikateremka nywele.
Likaja paji la uso, na hapo pakagoma.
Kiduara kikabaki kinazunguka
kama nzi juu ya kikombe.

Nikapiga simu. Muziki, kisha Mercyline
(Mercyline wa tatu tangu Januari).
"Kwa upande wetu, mama, laini yako ni kijani."
Zima ruta, subiri sekunde thelathini, washa.
Ruta hii nimeizima mara nyingi
kuliko taa ya chumba ninacholala.
Je, nikitaka kutoka?
Akanisomea kifungu cha kumi na moja
kwa sauti ya msomaji wa Zaburi:
utalipa miezi iliyobaki, yote, kwa mkupuo.
Imebaki ishirini na miwili.
Mimba ya ndovu.

"Lakini mlisema hamsini."
"Tulisema *hadi* hamsini."

Mimi, niliyetandikwa sarufi na Mwalimu Mghoi kule Wundanyi,
nikajua nimepigwa kwa fimbo niliyoizoea.
Kwani miwili, mmoja na nusu, vyote viko ndani ya hadi hamsini.
Sifuri nayo, imejikunyata pale chini,
haijavunja mkataba wa mtu.
"Basi nami nitawalipa hadi elfu tisa," nikasema.
Akacheka, kicheko chake mwenyewe,
halafu akakumbuka kwamba simu inarekodiwa.

Nikanyoosha mkono nizime. Bi Kwamboka akanishika kiwiko.
"Ngoja. Lile kovu."
Juu ya nyusi ambazo hazijafika, mkwaruzo mweupe.
"Baiskeli. Mwaka tuliooana. Alikuwa anakimbilia harusi yetu,
na bado alichelewa."
Akakiangalia kile kipande cha paji
kama mtu anayesoma barua.
"Mwache. Hajawahi kufika kwa wakati popote."

Sikuwaandikia kampuni shukrani kwa hilo.
Halimo katika mkataba.

Mutunga, anayenikatia karatasi, akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka,
akanunua bando la shilingi ishirini,
akampa binti wa Doha namba yake.
Mzee akaingia mzima, na suti, na tai, na tabasamu la upande mmoja,
kabla Mutunga hajamaliza kusema *imeingia*.
Tukachapisha nakala themanini. Tukazikunja kwa mkono.
Bi Kwamboka alilipa taslimu, hakuomba kupunguziwa.

Ile nyingine sikuifuta.
Sijui kwa nini. Labda ukaidi,
labda nilitaka kuona nani atachoka kwanza.
Alhamisi jioni ilikuwa kwenye macho.
Nilifunga duka yakinitazama.

Ijumaa nikafungua saa mbili,
msafara ukiwa umeshapita Narok,
nikamkuta ametua kidevuni, tai imeanza,
anakuja taratibu, hana habari.

Kando yake, kwenye kona ya kioo, ankara ya mwezi.
Hiyo iliingia usiku, mara moja, bila kiduara.
Shilingi elfu tisa.
Nikaisoma mara mbili, herufi kwa herufi,
nikitafuta lile neno.